Saba Septemba, Langoni pa Ng'ombe

Mimi Cresensia nimekaa ua mmoja na wifi yangu Germana miaka arobaini na tatu, ukitoa miwili niliyojaribu ndoa ikanishinda. Kaka yangu Leonce alipomuoa mwaka 1981, ni mimi niliyembebea begi lake mpaka mlangoni. Najua analala ubavu gani, najua kipande cha nyama anachokipenda, najua aliwahi kumfungia ndani kuku wa jirani siku mbili akisema hajamwona. Mtu angeniambia wifi yangu ana siri nisiyoijua, ningemcheka mpaka ajute. Haya, sasa nichekeni mimi.

Hapa Karatu watu wanamjua kwa mambo mawili. La kwanza ni maharage yake, hayana hata jiwe moja. La pili ni kalenda za parokia. Hatupi hata moja. Mwaka ukiisha anaikunja na kuiweka chini ya kitanda pamoja na nyingine, zimefungwa kwa kamba ya katani. Katika visanduku vya tarehe ameandika mambo ya mji: mvua ya mawe, msiba wa fulani, siku lami ilipoingia mjini. Vijana wakibishana kijiweni utasikia, "Nendeni kwa Mama Adrian." Adrian ndiye kifungua mimba wake. Au ndivyo tulivyodhani sote.

Kulikuwa na jambo la tatu nililolijua mimi, na lilinikera. Mnada wetu ni tarehe saba na tarehe ishirini na tano za kila mwezi. Miezi yote tunatandika turubai letu kivulini, karibu na wauza vitunguu, raha mustarehe. Lakini ikifika tarehe saba Septemba, wifi yangu hataki kivuli. Anataka langoni pa ng'ombe! Vumbi, mavi, mbuzi wanakanyaga bidhaa.

"Wifi, huku maharage yote yanakuwa rangi ya udongo. Nani atanunua?" namuuliza.

"Watanunua wenye njaa," ananijibu.

Anakaa hapo mpaka saa saba mchana, kisha anakunja turubai na kurudi nyumbani. Kila mwaka.

Mwaka 2011 ndipo tulipogombana kweli. Tulimzika Leonce tarehe tatu Septemba. Tarehe saba asubuhi wageni wa matanga bado wapo, vyungu bado viko jikoni, namkuta mjane anafunga gunia la maharage aende mnadani. Jamani! Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Lililo jepesi kuliko yote ni kwamba hakuwahi kumpenda kaka yangu. Akajitwisha gunia akaenda. Miezi minane sikumsemesha. Baadaye nikamsemesha, maana chumvi na moto tulikuwa tunaombana, lakini lile nilibaki nalo moyoni.

Mwaka huu macho yake yamekwisha. Ni presha ya macho, na daktari alisema nuru iliyopotea hairudi. Mwezi wa nne alikuwa bado anatofautisha mlango na dirisha. Kufika Agosti, hakuna.

Basi, tarehe sita Septemba jioni tuko uani tunachambua maharage, yeye kwa vidole, na bado ananishinda. Akaniita kwa jina langu, si kawaida yake.

"Cresensia. Kesho uniazime macho yako."

"Kwa kazi gani?"

"Kesho langoni atapita mwanamke wa Kimaasai, kabla ya saa sita. Anaitwa Nanyokie. Ni mweupe kidogo kuliko wenzake, na akitembea anaurusha mguu wa kushoto. Husimama kwa muuza chumvi ya ng'ombe. Umtazame vizuri, uniambie kama ni mzima. Usimsemeshe."

"Ni nani yako?"

"Ni mwanangu."

Ungo ukaniponyoka, maharage yote chini. Nikasema, "Wewe!" Nikasema tena, "Wewe!"

Akanieleza huku anaokota maharage kwa kupapasa. Mwaka 1976 alikuwa na miaka kumi na tisa, kwao juu Mbulu, akapata mimba hajaolewa. Zamani sisi Wairaqw msichana wa namna hiyo alitolewa nyumbani. Ilisemwa mimba hiyo inaleta nuksi kwa watu na mifugo, na mtoto wake halelewi katika ardhi yetu. Wakati huo nyumba nyingi zilikuwa zimeshaacha mambo hayo. Baba yake hakuacha. Alimjengea kibanda porini, na huko akajifungua, akisaidiwa na kikongwe mmoja tu.

Tarehe saba Septemba aliingia mnadani hapa na kichanga cha siku kumi na moja, akamkabidhi mama wa Kimaasai aitwaye Naserian, ambaye hakujaliwa kuzaa. Naserian ndiye aliyemhurumia. Alimwambia, kila mwaka siku hii nitampitisha langoni umwone, ila usimwite. Ukimwita utanibomolea nyumba. Wakaagana hivyo.

"Naserian alishafariki," wifi yangu akasema. "Lakini binti bado anakuja kununua chumvi. Hajui lolote. Mimi namwona tu, na inanitosha." Akatupa punje mbovu pembeni. "Ilikuwa inanitosha."

Mnafikiri nilimhurumia? Hapana, nasema kweli, nilipandwa na hasira. "Na kaka yangu? Miaka thelathini umelala naye kitanda kimoja, na hili umemficha?"

"Katoe kalenda," akasema.

Nikazivuta chini ya kitanda, nikakata kamba, nikaanza kufunua Septemba moja baada ya nyingine. Miaka yote hiyo nilizifuta vumbi na sikuwahi kusoma hapo.

1981: Amekuja. Amechafuka, amenenepa.
1984: Amekuja. Meno ya mbele yameota.
1988: Hakuja.
1989: Amekuja. Ananipita kwa urefu.

Mwaka 1993 nikakwama. Mwandiko haukuwa wa Germana. Naujua ule mwandiko, zile herufi zilizolalia upande mmoja. Mwaka ule wifi yangu alikuwa amelazwa, amefanyiwa upasuaji. Kaka yangu aliandika: "Amekuja. Ana mtoto mgongoni. Wote wazima. Mama Adrian, usilie."

Leonce alijua. Leonce alikwenda langoni pa ng'ombe akakaa kwenye mavi, kwa niaba ya mkewe, na mimi dada yake wa tumbo moja sikuambiwa! Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi miaka yote nilidhani kata ni mimi.

Nikaufikia mwaka 2011. Niliogopa kufunua. Aliandika maneno matatu tu: "Leonce, amekuja leo."

Nilikaa chini sakafuni na ile kalenda. Nikayakumbuka yale maneno niliyomwambia, moja moja. Nililia kwa aibu, na sikuweza hata kusema pole.

Kesho yake saa mbili tulikuwa langoni. Sikulalamikia vumbi. Ng'ombe wakaingia, mbuzi wakaingia, na saa nne na nusu nikamwona. Mungu wangu, uso wa Germana mtupu, umevikwa shanga! Mguu wa kushoto anaurusha. Shuka jipya, halijafuliwa hata mara moja. Akasimama kwa muuza chumvi, akageuka kutukabili.

"Yupo," nikanong'ona. "Ni mzima. Amevaa shuka jekundu, jipya. Anatazama huku."

"Hutazama kila mwaka," wifi yangu akasema. "Anatazama mbuzi." Alikuwa ameinamisha kichwa ili asikie vizuri.

Mbuzi gani? Mbuzi walikuwa nyuma yake. Mwanamke akaondoka, akapita tena mbele yetu polepole, akarudi kusimama palepale. Akapita mara ya tatu. Chumvi hakuigusa, na muuzaji wala hakumuuliza. Safari hii aliposimama alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya shuka.

Nikainuka. Naam, niliambiwa nisimsemeshe. Lakini aliyeagana na Naserian ni Germana. Mimi sikuagana na mtu.

"Hununui chumvi?" nikamuuliza nilipomfikia.

"Chumvi iko kwetu Malambo, mama," akasema, Kiswahili chake cha taratibu. "Nipande basi siku nzima kwa sababu ya chumvi?"

"Sasa umefuata nini?"

Alitazama juu ya bega langu, kwenye turubai. "Yule mama leo hanitazami," akasema. "Nimepita mara tatu. Nimemkosea nini?"

"Unamjua?"

"Naserian aliniambia tangu nikiwa mdogo. Alisema nisimsalimie, maana watu wa nyumba yake wakijua watamfukuza tena. Alisema nisimame tu mahali pa wazi, aniangalie mpaka atosheke." Akaniangalia. "Wewe ni nani yake?"

Watu wa nyumba yake. Ndio mimi huyo! Mtoto wa watu amekaa miaka yote kimya kwa kuniogopa mimi, Cresensia.

"Mimi ni wifi yake," nikasema. "Na hakuna wa kumfukuza. Hajakuchukia, mwanangu. Macho yake yamekufa. Haoni."

Aliweka mkono mdomoni. Kisha akanipita, akaivuka njia ya ng'ombe, akapiga magoti kwenye turubai, juu ya maharage, akainamisha kichwa kama Wamaasai wanavyomwinamia mkubwa wao, akangoja.

"Cresensia?" wifi yangu akaita. "Ameshaondoka?"

Niliuchukua mkono wake nikauweka juu ya kile kichwa kilichonyolewa. Vidole vikaenda utosini, vikashuka sikioni, vikagusa shanga, vikarudi utosini, vikasimama.

"Yeyo," Nanyokie akasema. Ndivyo wanavyoita mama.

"Nilikuambia usimsemeshe," Germana akanigombeza, machozi yanamtiririka. "Nilikuambia, wifi."

Akanigombeza hivyo mpaka saa saba ikapita, na mkono wake hakuutoa.