Sifuri ya Mnoa Visu

Mpimaji wa kiwanda chetu cha glovu alikuwa na penseli nyekundu aliyoichonga kwa kisu hadi ikabaki kama kidole gumba. Kwenye mchoro wa ukutani mwake kila mfanyakazi alikuwa duara, na mistari ilionyesha nani akikosekana anamkwamisha nani. Kila Jumatano alimwomba mmoja wetu abaki nyumbani, kisha akapita meza kwa meza na saa mkononi, akiuliza kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: "Samahani, mmeshakwama?" Aliandika dakika tulizokwama, na zikiwa nyingi, mwingine alifundishwa kazi ya yule asiyekuwepo.

Zamu ya Mzee Nishiwaki, mnoa visu vyetu vya kukatia ngozi, ilipofika, mzee hakutaka kutusumbua. Jumanne alinoa visu vya ziada, nami nikavificha ndani ya boksi chini ya meza yangu.

"Hata dakika moja hatujakwama, bwana," nilimjibu mpimaji. "Kwani sisi watoto wa kubebwa mgongoni?" Wenzangu wakacheka. Alipoinama kunishukuru, akaliona boksi. Akabaki ameinama muda mrefu. Kisha akanyooka, akaandika sifuri.

Kwa sifuri ile, hakuna aliyefundishwa kunoa. Miti ya plamu ilipochanua, Mzee Nishiwaki alianguka kwa kiharusi, na kiwanda kikasimama siku kumi na tisa. Mpimaji alikuja mezani kwangu na karatasi yake. Nilisubiri anifokee.

"Samahani, Dada Kuwabara. Lile boksi lilikuwa na visu vingapi? Nataka kuhesabu dakika ambazo mngekwama."

"Arobaini."

Akaifuta sifuri taratibu, akapuliza vumbi la kifutio upande wake, lisiniangukie.