Nilimchafulia jina mzee aliyewahi kuweka marumaru kwa matajiri wa Saudia

Wakuu, amani kwenu.

Hii nimeikalia miaka. Sijatia chumvi, na mtaona sina sababu ya kutia, maana mjinga wa kisa hiki ni mimi.

Mimi ni Mrundi, nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma. Mwaka 2015 nilikuwa Columbus, Marekani, naishi pembeni ya mji, Reynoldsburg, kazi warehouse, gari sina. Aliyekuwa anatupeleka kazini mimi na wenzangu watatu ni Mzee Rajabu, Mtanzania wa Tanga, Mwislamu, mtu wa utani sana, naye kazi hapo hapo warehouse. Hajawahi kutuacha hata siku za snow.

Asubuhi moja garini akatusimulia ujana wake Jeddah. Alikuwa fundi marumaru kwenye kampuni ya ile familia ya wajenzi, mnaijua. Baba yao alitoka Yemen hana kitu, akabeba mizigo ya watu, akawa fundi, akajenga majumba ya wafalme mpaka akakabidhiwa kazi za msikiti wa Makka. Halafu katika watoto wake lukuki, mmoja ndiye akawa yule gaidi aliyesakwa dunia nzima.

"Ndugu zake walimkana, na uraia akavuliwa," mzee akasema. "Mimi hata sura yake sikuwahi kuiona. Nilikuwa napiga magoti naweka mawe tu."

Sasa mimi na mdomo wangu! Wakati wa break nikarekodi voice note kwenye grupu la kanisa letu, lenye Warundi na Wakongo wa Columbus, Louisville na Buffalo. Nikasema huku nacheka: "Jamani, dereva wetu amekula mshahara wa ukoo wa gaidi! Tuombeeni!"

Nilitaka watu wacheke. Basi.

Shift haijaisha, mama mmoja Mkongo wa Louisville akajibu: "Donc ule muzee iko anabapeleka ku kazi? Mutakufa!"

Ikasambazwa. Iliporudi Columbus, mzee alikuwa tayari "amemjengea gaidi nyumba". Wenzangu wawili wakahamia gari jingine. Wa tatu akaenda kwa supervisor. HR wakamwambia mzee akasubiri nyumbani, na hawakumwita tena.

Mimi waliniuliza kama namfahamu vizuri. Nikasema ananipa lift tu. Naandika hapa uso unawaka.

Mnajua kinachoniua? Kaka yangu aliingia msituni na waasi. Kwenye interview ya kuja Marekani, afisa akauliza nani katika familia amewahi kushika silaha. Baba akasema ukweli. File letu likawekwa pembeni miaka, wenzetu wanapanda mabasi ya kuondoka, sisi tunaitwa "ukoo wa waasi" hata bombani kwenye maji. Baba alikuwa anarudia, "Mtoto ni wangu, bunduki si yangu."

Na bado nikamfanyia mwenzangu yale yale, tena yeye hata si ndugu wa huyo gaidi!

Mzee akahamia Buffalo kwa binti yake, maeneo ya Bailey. Baada ya miezi kadhaa nikapanda basi kumfuata. Alinikaribisha, binti akaandaa wali na samaki. Sikuweza kula. Nikampigia magoti.

"Nilishakusamehe, mwanangu," akasema. "Ila sauti yako bado inatembea. Juzi jirani, Mkongo, kaniona nakuja akawaita watoto wake ndani. Kairudishe."

Nikarekodi nyingine palepale mbele yake. Nikaeleza yote, nikalia humo humo, nikatuma kwenye grupu lile lile.

Ya kwanza ilifika miji mitatu kabla ya jioni. Hii ya pili ikapata "Amen" mbili, kisha mtu akauliza nani analeta sambusa Jumapili. Tulikaa tunaitazama simu, mpaka mzee akasema, "Iweke mfukoni. Kula, samaki anapoa."

Nilichojifunza, wakuu: kusamehewa nimesamehewa, lakini jina la mtu ukishalitoa mdomoni mwako si lako tena kulirudisha.

Mzee yuko Buffalo bado, na jirani bado anaita watoto ndani. Mwenye ndugu kule amtumie uzi huu. Mkimaliza kutuma, rudini mnitukane, nitasoma zote.