Tulimwombea mdogo wangu aache huzuni, kumbe ni baridi ya nyumba

Wakuu, salamu kutoka Kitengela. Hii ni yangu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na sehemu zingine hazinipendezi lakini nitaziandika.

Mimi ni kifungua mimba. Wazazi walipofariki niliacha shule nikabaki na wadogo zangu wawili, Dan na Naomi. Nafulia watu nguo kwenye estate. Mama alinishika mkono hospitalini akasema tusitenganishwe. Hilo nimelishikilia.

Nyumba yetu ni ya mabati, iko wazi kwa upepo wa uwandani. Anayejua baridi ya Kitengela ya Julai ananielewa.

Mwaka huu gesi iliisha, makaa nayo yakapanda bei. Jiko likawa la kupika ugali tu. Maji ya kuoga hayapashwi moto. Uniform ikifuliwa haikauki, inavaliwa hivyo hivyo.

Naomi, ambaye ana miaka kumi na miwili, alianza kukohoa. Kisha akanyamaza. Akitoka shule anaingia chini ya blanketi mpaka kesho. Dan akamwita kobe. Mwalimu akasema anasinzia darasani. Wamama wa kanisa wakaja kumwombea, wakasema bado anamlilia mama. Mimi pia niliamini hivyo.

Jirani yetu, Mama Saitoti, mume wake anafanya kazi Magadi, kule kwenye joto kali, na amepewa nyumba huko. Shule zilipofungwa Agosti akaniambia, "Nipatie huyu kobe wenu nikamwanike Magadi kidogo."

Nikacheka. Nikakubali.

Siku chache baadaye Naomi akanipigia kwa simu ya Mama Saitoti, anapiga kelele: "Sista! Huku maji ya mfereji inatoka ikiwa moto yenyewe!"

Wakuu, sikuwa nimesikia hiyo sauti kwa muda mrefu.

Nilipoenda kumchukua nilimkuta nje anaruka kamba, jasho linamtiririka. Hakohoi. Nikamwambia afunge nguo zake twende. Akakataa.

"Sirudi kwa ile nyumba."

"Kwa hivyo umenikataa?"

"Sijakukataa wewe. Nimekataa baridi. Nikiwa kule siwazi kitu ingine. Asubuhi nikikumbuka yale maji baridi, nilikuwa natamani nisiamke."

Nilikaa chini kwenye ngazi. Mtoto wa miaka kumi na miwili.

Mama Saitoti akaleta chai, akasema kwa upole, "Shule iko hapo tu. Mwache term moja, atakuwa na wangu."

Nilifikiria mkono wa mama. Nikafikiria pia yale maneno ya "nisiamke". Mwishowe nikafungua begi langu na kumwachia sweta zote nilizomletea za kurudi nazo, ingawa Magadi hakuna anayevaa sweta.

Nilirudi peke yangu. Kanisani kuna wanaosema nimegawa mtoto. Dan hanisemeshi vizuri. Yeye pia anakohoa, na sasa namsikiliza kila kikohozi.

Nilichojifunza: mtoto akinyamaza, kabla ya kumpeleka kwa maombi, ingia chini ya blanketi lake uone kama kuna joto. Namkosa mama kila siku, na Naomi pia anamkosa. Lakini huzuni ndani ya nyumba baridi haina pa kutokea.

Sasa nataka kumrudisha kabla ya Julai nyingine. Nimeanza kukusanya katoni na magunia nitengeneze ceiling chini ya mabati. Tafadhali msiniambie niingize jiko chumbani na kufunga madirisha. Watu wa plot ya nyuma walifanya hivyo, wakatolewa wamezirai.

Wenye mmeishi kwa mabati na watoto, mlizibaje baridi bila kuziba hewa? Nisaidieni. Naomi ameniambia nikifaulu atakuja kulala siku moja kwanza, ajaribu.