Matairi ya Mtu Mmoja

Kabla mama yangu hajafariki, sikumbuki hata mara moja kumwona baba akiendesha gari tupu. Toyota yake nyeupe, aliyoinunua ikiwa imeshatumika wakati mimi niko darasa la nne, ilikuwa imelala chini upande wa nyuma kama kuku anayetaka kutaga. Mama, Peres, alikuwa mwanamke wa mwili, na kazi yake ilikuwa kuuza omena, dagaa wa ziwani, na samaki wakavu sokoni Kinoo. Siku za kazi gari lilibeba magunia yake. Jumapili lilibeba akina mama wa kanisa, wengine wakikaliana mapajani. Desemba lilitubeba sisi sote kwenda nyumbani Ugenya pamoja na sukari, godoro na wakati mwingine mabati juu ya paa, na likaturudisha na mahindi, njugu na kuku waliofungwa miguu, wakilalamika chini ya viti vyetu hadi Nairobi.

Baba anaitwa Tobias Omollo. Alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji pale River Road, kwanza akipanga herufi za risasi kwa mkono, baadaye akiendesha mashine, mpaka mwenye kiwanda alipofunga. Si mtu wa maneno. Mama ndiye aliyeongea kwa niaba ya wote wawili. Mgeni akiuliza swali, baba alimtazama mama, mama akajibu, na baba akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hivyo ndivyo alivyotaka kusema.

Kwa sababu ya mizigo ile, baba hakuwahi kununua matairi ya kawaida ya gari dogo. Alinunua yale ya mzigo, yanayowekwa kwenye magari ya kubebea mboga na mikate, yenye kuta nene ngumu, akayajaza upepo mpaka ukiyapiga teke yanalia kama ngoma. Kwenye kituo cha petroli walikuwa wameshamzoea. Aliteremsha kioo akasema, "Kama kawaida," wakajaza.

Mama alitutoka mwaka jana, mvua kubwa zikiwa zimeanza. Moyo. Bwana alimchukua kwa muda mfupi kuliko muda wa kufika hospitalini. Tulimpeleka Ugenya, gari la maiti mbele na baba nyuma yake katika Toyota, akashikilia usukani njia nzima bila kumpa mtu mwingine. Tulimzika upande wa kushoto wa nyumba, ndiyo desturi yetu kwa mke.

Mwaka huu ndugu zake baba walipanga kumbukumbu, ile tunayoiita rapar. Watu wa kanisa wangekuja kuombea kaburi na kusimamisha msalaba wa saruji mahali pa ule wa mbao. Baba akasema ataenda na gari lake. Nilimshauri apande basi.

"Lornah," akaniambia, "nilimpeleka na gari hii. Siendi kumwona nikiwa nimebebwa kama kifurushi."

Lakini Jackton, fundi wetu pale Kinoo, alikuwa amechuchumaa kando ya gari na hakupenda alichokiona. Jackton ni Mjaluo mwenzetu, kwa hiyo humwita baba kwa jina la heshima.

"Jaduong', nyuzi zimetokea hapa katikati. Hii haifiki Rironi, sembuse Ugenya. Ukikutana na mvua ya Kericho na hizi tairi, utaanza kuongea na malaika."

"Malaika wanajua Kijaluo?" baba akauliza.

"Watakuwa wamejifunza. Mama amekuwa huko mwaka mzima."

Baba alicheka kidogo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimebaki na mzazi mmoja, na barabara ile naijua: malori, ukungu, miteremko, na watu wanaopita magari mengine kwenye kona. Usiku ule nilimwomba Mungu moja kati ya mawili: amsahaulishe baba safari ya gari, au ampatie matairi ambayo mfuko wake unayaweza na ambayo hayataniletea simu mbaya.

Mimi nafanya kazi ya kupika katika nyumba moja Loresho na ninalala hukohuko. Siku yangu ya kutoka ni Alhamisi. Alhamisi ile baba alishuka polepole kutoka Kinoo akanichukua getini ili twende mjini. Nikakaa nyuma, kama nilivyokaa tangu utoto. Hakuna aliyewahi kuniambia nihame. Askari wa geti akatuangalia akatabasamu.

"Lornah, siku hizi uko na dereva? Dereva, nisalimie bosi wako."

Njiani baba hakusema kitu. Zamani nisingeliona hilo, kwa sababu mama angekuwa amesema kila kitu. Sasa nilisikia gari lenyewe, jinsi lilivyorukaruka kwenye kila kiraka cha lami kama mkokoteni, na jinsi jeki na spana zilivyogongana ndani ya buti lililo tupu.

Barabara ya Kirinyaga ndiko wanakouza spea na matairi. Kabla hatujasimama, mabroka wanaoyatafutia maduka wateja walikuwa wameshika mlango. "Mzee, kuja nikupeleke kwa yangu. Mathe, mwambie mzee." Walikuwa wakiniita mathe, yaani mama, mimi. Baba aliwapita akaingia duka la mwanamke mmoja anayeitwa Ndeti, Mkamba mnene kiasi, aliyekuwa amekalia tairi la lori akimenya chungwa. Baba alikuwa akinunua kwake tangu enzi za kiwanda.

"Mzee wa magazeti," Ndeti akasema. "Nilidhani ulihamia kwa mwingine."

"Nimetulia tu."

"Unataka zile zako ngumu?"

"Zile zangu."

Ndeti hakuinuka kuzitafuta. Alimaliza chungwa, akajifuta mikono, akamwonyesha kwanza vitu vingine, kwa vile bei ya matairi ya mzigo ilikuwa imepanda. Kulikuwa na mitumba ya Japani, yenye meno marefu ya kupendeza. Kulikuwa na ya kampuni inayojulikana, na fedha za baba zingetosha mawili tu ya hayo. Kisha kulikuwa na mapya ya jina ambalo hatukuwahi kulisikia, laini, yenye michirizi mingi ya kutoa maji, na herufi M na S ubavuni.

"Maana yake tope na theluji," Ndeti akaeleza. "Ni ya kiangazi na mvua, yote."

"Theluji ya Kinoo," baba akasema.

"Mzee, wewe chukua tope, theluji waachie wazungu."

Baba alipitisha kidole gumba kwenye ubavu wa kila tairi, akisoma zile herufi zilizoinuka bila kuziangalia sana, jinsi alivyokuwa akisoma risasi zake kiwandani. Alipofika kwenye tarakimu zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, alisimama. Mitumba ile ya Japani ilikuwa na umri wa mtoto anayekaribia kumaliza shule ya msingi. Aliisukuma kando.

"Lakini mimi nataka za mzigo," akasema.

Ndeti alitoka nje, akalizunguka gari letu, akarudi akasimama mlangoni.

"Mzee, kuja uone. Hizi zimekwisha katikati tu. Huku pembeni bado kuna meno. Unajua ni kwa nini?"

"Barabara mbaya."

"Hapana. Ni upepo mwingi na gari nyepesi. Tairi inavimba katikati kama tumbo, inakanyaga na hapo tu. Unaweka upepo kiasi gani?"

"Kama kawaida."

"Kawaida ya watu wangapi?"

Baba alitazama upande wangu, kama alivyokuwa akimtazama mama mtu akiuliza swali. Nilijua jibu, lakini halikuwa langu.

"Kuna mama," akasema mwishowe. "Na mizigo yake."

"Basi kama mama yuko na mizigo iko, nikupe ngumu," Ndeti akasema, bila ubaya wowote, maana hakujua. "Lakini hii gari inaonyesha haijabeba kitu siku nyingi. Ukifunga ngumu na gari iko tupu, kwa mvua itateleza kama sabuni. Wewe ndiwe unajua unabeba nini."

Baba alisema anarudi. Akatoka, akaanza kutembea kuelekea River Road, nami nikamfuata kwa nyuma kidogo, kati ya mikokoteni na watu waliobeba mabomba ya plastiki begani. Nilidhani ameamua kuacha yote. Nilidhani pia ataenda kwa muuzaji mwingine asiyeuliza maswali, anunue yale ngumu, na safari iwe ileile niliyoiogopa.

Alisimama mbele ya jengo la kiwanda chao. Siku hizi chini wanauza misumari na rangi. Kwenye korido alikuwepo Jamleck, mzee waliyefanya kazi pamoja, ambaye sasa anachonga mihuri kwenye meza ndogo.

"Omollo," Jamleck akasema. "Bado unapumua? Mimi nilishakuondoa kwa orodha."

"Rudisha jina."

"Na yule mama wa samaki, mzima? Mwambie tangu aache kutuletea omena, mimi nakula karatasi."

"Yuko Ugenya," baba akasema.

"Vizuri. Huko kuna hewa. Mpe salamu."

"Atazipata."

Wakashikana mikono. Tukaondoka. Tulikuwa tumepita maduka kadhaa baba aliposimama, watu wakamgonga wakamzunguka, na mwenye mkokoteni akamwambia mzee atoke njiani. Akageuka, akarudi kwenye korido. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Jamleck. Peres alifariki. Mwaka jana. Tulimzika."

Mwaka mzima sikuwa nimemsikia akilisema jambo hilo. Kwenye simu alinipa mimi niwaambie watu. Kanisani mchungaji ndiye aliyesema, na kwenye mazishi walisema ndugu zake. Jamleck aliweka kisu chake chini, akavua kofia.

"Pole, ndugu yangu," akasema baadaye. "Na mimi hapa naongea mambo ya omena."

"Ilikuwa omena nzuri," baba akasema.

Tuliporudi dukani, Ndeti alikuwa akibishana na mteja mwingine. Baba alingoja zamu yake mikono ikiwa nyuma, kama mtu anayesubiri kupokea sakramenti. Zamu ilipofika alionyesha yale laini yasiyo na jina.

"Niwekee hizi. Nne."

"Na mizigo?"

"Hakuna mizigo. Ni mimi peke yangu."

Ndeti alimtazama, kisha akanitazama mimi na kitambaa cheusi nilichokuwa nimefunga kichwani, na nadhani alielewa, kwa sababu hakuuliza tena. Aliita wafungaji. Yalipokwisha kufungwa, aliyeshika mpira wa upepo akauliza kiasi. Baba akaanza kusema kama kawaida, akaacha. Kisha akainama kwenye fremu ya mlango wa dereva, pale palipobandikwa karatasi ya kiwanda cha gari, iliyofifia, yenye kipimo kimoja cha gari jepesi na kingine cha gari lililojaa. Alikuwa na gari lile miaka yote na sidhani aliwahi kukitumia kile cha kwanza. Akakisoma kwa sauti, polepole.

Mvua ilitukuta Waiyaki Way. Gari halikurukaruka tena. Lilikwenda kimya, maji yakikatika chini yake, na kimya kile kilikuwa kigumu kwangu kuliko zile kelele za asubuhi. Baba alinishusha Loresho, akaniambia nivae sweta, akaondoka. Nilibaki getini nikitazama taa zake nyekundu mpaka zikachanganyika na za wengine.

Niliomba ruhusa ya kwenda naye Ugenya, lakini wiki hiyo bibi mwenye nyumba alikuwa amelazwa na hapakuwa na mtu wa kukaa na watoto. Baba akaenda peke yake. Siku nzima nilipika nikiwa naomba, simu ikiwa mfukoni mwa aproni. Alipofika alinipigia akasema, "Nimefika," na nyuma yake nikasikia wimbo wa akina mama wa kanisa. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni nikamshukuru Mungu.

Msalaba ulisimamishwa, na baba akalala usiku mmoja katika ile nyumba. Asubuhi ya kurudi, shangazi alinieleza, walimletea gunia la mahindi, kwa sababu kwetu mtu hatoki nyumbani mikono mitupu, na gari la Omollo halijawahi kutoka bila gunia. Baba alikataa. Akawaambia matairi haya si ya mzigo. Shangazi akamwambia asimtukane na matairi. Je, anataka majirani waseme Peres alipoondoka aliondoka na shamba? Walivutana hivyo uwanjani mpaka wakakubaliana debe moja la njugu. Baba alilibeba mwenyewe akaliweka kwenye buti, katikati, akalizungushia blanketi lisisogee.

Alinipigia kutoka kituo cha petroli, Ugunja.

"Nimesimama kidogo," akasema. "Nimeongeza upepo nyuma."

"Kuna tairi linavuja, Baba?"

"Hapana. Ni kwa ajili ya debe."

"Debe moja, Baba?"

"Moja. Nimewaambia waongeze kidogo tu."

Nilimsikia akifunga mlango. Nikamwambia aende salama, Bwana amtangulie, naye akasema amina, akawasha gari.