Balozi Kauona Mkono wa Baba

Jamani, leo baba ameinua mkono, na balozi kaona kwa macho yake. Balaa!

Tangu baba apate kiharusi, mkono wa kulia umelala. Muuguzi wa misheni alitufundisha kuukunja na kuunyoosha kila asubuhi.

Balozi wetu wa nyumba kumi haamini. Anasema baba anakwepa shamba la ujamaa.

Leo namnyoosha, mara mkono ukapanda wenyewe hadi begani!

Mama akapiga vigelegele.

Kumbe balozi yuko mlangoni.

"Nilijua tu! Mgonjwa gani huyu?"

Vigelegele vikakatika.

Balozi akachukua jembe. "Shikamoo, mzee. Haya, shika."

Baba akakaza meno. Vidole vikatetemeka, jembe likaanguka. Machozi yakamtoka.

Sijawahi kumwona baba akilia.

Balozi akaliokota jembe, akaliweka kando, akakaa karibu na baba.

"Nionyesheni mnavyofanya."

Nikamwonyesha, naye akamnyoosha taratibu kabisa, ila macho hayakubanduka usoni pa baba.

Ameaga, anasema kesho atarudi.

Nyie mnaonaje? Anakuja kumsaidia baba, au kumchunguza?