Kibao Kilichoziba Pua ya Lori

Nakumbuka siku moja ya jua kali, mwanangu, siku ambayo ningepewa nafasi ya kuirudia ningeanza na spana. Lakini ngoja, usinikimbize. Jana ulipokuja kunionyesha lori ulilonunua, zee kama mimi, ulikiona kile kibao cha bati nilichokifanya mlango wa kibanda cha kuku. Ukasoma maandishi yake, "Wuon Ndara", mwenye barabara, ukacheka, ukaniomba nikupe ukifunge mbele ya lori lako. Nikawageukia kuku. Ulidhani nakunyima. Leo nakujibu.

Kibao kile nilichorewa Migori nikiwa kijana, nilipoachiwa lori la marehemu baba. Unatujua sisi Wajaluo na majina ya kujisifu! Nikakikaza kwa nati mbele ya rejeta, pale pale upepo unapoingilia. Mama alipokiona alisema, "Wuoda, mwanangu, baba yako hakuweka hata kitambaa hapo. Gari nalo lina pua." Nikamjibu kwamba mambo ya magari awaachie wanaume. Yawa! Mdomo huo huo ndio ninaoulia ugali hadi leo.

Basi habari zikaja kutoka Lambwe: mama mdogo, dada wa pekee wa mama yangu, amezidiwa na anamwita. Mama hakumaliza hata chai. Alijitanda leso yake, akapanda mbele kando yangu, tukaondoka.

Kabla ya kufika Rongo mshale wa joto ulikuwa umeshapanda. Niliuona. Nikajiambia lori ni zee, jua ni kali, ndiyo hali yake. Hapo Rongo likachemka, mvuke ukafuka kwenye boneti, watu wakakusanyika. Mama akasema polepole, "Kitoe hicho kibao." Na mimi, mbele ya watu waliokuwa wakilisoma jina langu, niliona haya kukitoa. Tukangoja injini ipoe, nikaongeza maji, tukaendelea. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tulipita Homa Bay jua likiwa utosini. Kwenye mpando wa kuelekea Lambwe mshale ukafika mwisho, nikalizima lori kabla halijaungua. Barabara ilikuwa tupu, hakuna gari la kumchukua mama. Alishuka akaketi kwenye jiwe, akajifunika leso kichwani. Kumwona hivyo kuliniuma kuliko matusi. Ndipo nikachukua spana nikakifungua kibao. Nyuma yake rejeta ilikuwa imejaa vumbi na makapi, maana tangu nikifunge sikupaona tena pale. Nikapangusa, nikangoja ipoe, nikatia maji. Na lori, mwanangu, likaupanda ule mpando bila kulalamika, mshale umetulia hadi Lambwe.

Tulisikia vilio kabla ya kuliona lango. Mama mdogo alikuwa amekata roho muda mfupi tu uliopita, akiuliza kama dada yake amefika. Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Jioni alinikuta nimesimama kando ya lori, akaniambia, "Jina lako, wuoda, lilisomwa na barabara nzima. Mimi, dadangu hakuniona."

Hakulitaja tena jambo hilo mpaka anaingia kaburini. Alinipenda vile vile, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Wahenga husema majuto ni mjukuu. Wangu nimemlea mpaka nimezeeka naye.

Kwa hiyo nisikilize. Lori kuukuu wakati wa jua halitaki mengi. Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua rejeta uangalie maji, na uguse mkanda wa feni kama umelegea. Ukitoka kwenye vumbi la Lambwe, safisha rejeta, usingoje Jumapili. Kwenye mpando shusha gia, usilikamue. Likichemka, lizime ukae kivulini. Kifuniko cha rejeta usikiguse kikiwa cha moto, kimebabua nyuso za wengi. Wala usimwage maji baridi kwenye injini inayochemka, itapasuka. Mshale ukipanda, uamini mshale, usijitungie sababu. Na mbele ya rejeta usiweke kitu chochote, hata jina la Mungu. Mungu haoni haya kuandikwa nyuma.

Na aliyeketi kando yako akikuambia "kitoe", kitoe hapo hapo, watu wakuone, wakucheke. Kicheko chao kitaishia kwenye kona ya kwanza.

Kibao kitabaki kwa kuku. Wewe nenda, mwanangu. Nyasaye, Mungu wetu, akupe barabara njema, maji ya kutosha na breki zinazoshika, na kila unayembeba umfikishe angali anangojewa.