Mizinga Niliyoificha Kwenye Shindano la Kwanza

Siku hizi shindano la wanafunzi la mipango ya biashara lina mabango na wafadhili. Lile la kwanza, miaka ya tisini, lilikuwa mhadhiri mmoja, tangazo la mkono, na boksi la viatu lililotobolewa juu la kutumbukizia mipango yetu. Nilisema moyoni, huyu anataka kutuibia mawazo mchana kweupe. Tena alikuwa mtu wa Makueni, na sisi wa Mutomo tunawajua. Mtu wa Makueni akikuuliza habari za asali, hataki kuonja tu.

Lakini mshindi angenunuliwa kifaa cha kuanzia kazi yake, na mimi niliitaka mashine ya kukamua asali mpaka nikakosa usingizi. Nyumbani tuliuza asali na masega yake, na mchuuzi kutoka Kitui mjini alitupangia bei anavyopenda.

Nikaandika kurasa kumi na mbili. Penye mahali pa mizinga niliandika "Kitui Kusini", yaani Mutomo yetu na vijiji vyote vya jirani, na penye idadi, "ya kutosha". Kwetu mizinga haihesabiwi mbele za watu, wala mgeni haonyeshwi mti uliotundikwa mzinga.

Siku ya kujieleza, mhadhiri alivua miwani.

"Hii mizinga ni ngapi?"

"Iko, mwalimu."

"Iko wapi?"

"Iko tu kwa miti."

Darasa zima likacheka. Akashinda msichana wa biashara ya maembe, aliyetaja kila mti wao, hata mwembe wa nyuma ya choo chao.

Jioni nilikwenda ofisini kwake kudai karatasi zangu kabla hajazinakili. Nilikuta amezifunga kwa uzi, ananingoja.

"Unafikiria nataka asali yenu," alisema. "Baba yangu alikuwa na mizinga. Alikufa kabla hajatuambia iko wapi. Tulitafuta huko msituni mpaka tukachoka. Ndiyo sababu nilianza hii kitu, watu waandike."

Nilishikwa na aibu, halafu na hofu. Baba yangu alikuwa amenionyesha miti miwili tu, na nilijua ana mingine mingi.

Jumamosi nilikuwa nyumbani. Nilimkuta baba uani akichonga kifuniko cha mzinga. Nikamwomba anipeleke kwenye mizinga yote, hata ile ya mbali, niiandike.

Baba aliweka shoka chini. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka usoni, polepole.

"Ni nani amekutuma?" aliuliza.